Tusilitoe Kafara Somo la Fizikia

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, kila yanapotangazwa matokeo ya Kidato cha Nne, mazungumzo yetu kwenye baraza za misikiti huwa ni yale yale. Tunahesabu majina, tunazilinganisha shule zetu na za wenzetu, tunasikitika, kisha tunatawanyika mpaka mwaka mwingine. Siku hizi umeongezeka ushauri unaotolewa kwa sauti ya chini. Unasema kwamba, kwa kuwa fizikia ndiyo inayowaangusha vijana wetu, waiache mara tu wamalizapo Kidato cha Pili, wabaki na masomo wanayoyamudu, na wastani wa shule upande.

Ushauri huu hauvunji sheria. Katika mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2005, fizikia ilikuwa ya lazima kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, kisha ikawa ya hiari. Lakini si kila linaloruhusiwa lina kheri ndani yake. Kijana wa miaka kumi na tano anayeambiwa aache fizikia amefungiwa milango ambayo hajaiona bado. Tahasusi za PCM, PCB na PGM zote zinaanza na herufi ya somo hilo. Bila fizikia hakuna uhandisi, na njia ya udaktari hufungwa pia. Tutakuwa tumepata wastani mzuri katika karatasi ya mwaka mmoja, na tumekosa daktari na mhandisi kwa kizazi kizima.

Hoja ya makala hii ni moja. Kinachowaangusha vijana wetu si fizikia, ni kukosa mpango wa kuifundisha. Na mpango huo tunaweza kuuandika wenyewe, hapa hapa Songea, bila kumsubiri mtu.

Mtaala ni wa Serikali, mpango ni wetu

Wako wanaodhani kwamba kupanga masomo ni kazi ya Wizara peke yake. Hapana. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa mtaala na muhtasari wa somo, na Baraza la Mitihani hutunga mtihani. Lakini mada ifundishwe wiki gani, kwa vipindi vingapi, kwa jaribio gani, na mwanafunzi aguse kifaa gani kwa mkono wake, hayo huamuliwa shuleni. Hiyo ndiyo kazi ya azimio la kazi na andalio la somo, na shule yenye bodi makini huyasoma maandiko hayo kama inavyosoma hesabu za fedha.

Historia ya karibuni inatufundisha jambo hili. Katika mageuzi ya mwaka 2005, Mheshimiwa Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, fizikia na kemia ziliunganishwa kuwa somo moja. Serikali iliyofuata ikautengua uamuzi huo, na masomo yakarudi kuwa mawili. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete akaagiza shule za kata zijengewe maabara tatu kila moja, yaani ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na wananchi wakachangishwa nchi nzima. Kisha likaja toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, na mtaala mpya ukaanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, ukiwa na mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali.

Hatuyataji hayo kwa kulaumu. Tunayataja kwa sababu katika mabadiliko yote hayo shule iliyokuwa na mwalimu hodari, vifaa vichache vinavyofanya kazi na mpango ulioandikwa haikuyumba sana. Shule iliyotegemea jina la somo kwenye ratiba iliyumba kila mara. Chumba chenye meza na bomba la maji hakijawa maabara mpaka mwanafunzi apime kitu ndani yake.

Tuanze kwa pishi

Kosa kubwa katika kufundisha fizikia ni kuanza na fomula. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza, na katika wiki za mwanzo hukutana na lugha ngeni, alama ngeni na mambo asiyoyaona, yote kwa pamoja. Hukariri. Akisahau alichokikariri hujiona hana akili, na mwalimu naye huamini hivyo hivyo.

Muhtasari wenyewe ulikuwa na hekima kuliko tunavyoutumia. Katika muhtasari uliotumika kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya mageuzi ya sasa, mada za mwanzo za Kidato cha Kwanza zilikuwa taratibu za maabara na upimaji. Kupima ndio mlango wa elimu hii. Na Muislamu, kuliko mtu yeyote, hapaswi kuuona mlango huo kuwa mgeni kwake. Katika Suratur-Rahman Allah (s.w.) ametaja kuinuliwa kwa mbingu pamoja na kuwekwa kwa mizani, na akatukataza kuipunja. Suratul-Mutaffifin nayo inawaonya wanaopunja vipimo.

Chukua mfano ulio karibu. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha tunaulizana juu ya Zakatul-fitri, ambayo ni pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kinacholiwa mahali hapo. Mmoja husema ni kilo mbili na nusu, mwingine husema ni karibu kilo tatu, na pengine watu hukasirikiana. Mwalimu wa fizikia awape wanafunzi chombo kimoja cha ujazo wa pishi, wakijaze mchele, kisha mahindi, kisha maharage, kisha unga, na kila mara wapime kwa mizani. Wataona kwa macho yao kwamba ujazo ni ule ule lakini tungamo zinatofautiana. Pishi ni kipimo cha ujazo na kilo ni kipimo cha tungamo, na kinachoviunganisha ni msongamano wa kile kilichomo chomboni. Hapo mwanafunzi amejifunza mada nzima, ameandika jedwali, amechora grafu, na akirudi nyumbani anaweza kumweleza baba yake kwa adabu kwa nini masheikh wanatofautiana katika kilo.

Jaribio hilo linahitaji chombo, mizani na vyakula vya jikoni. Jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mita moja na kuachwa libembee litakwenda na kurudi mara ishirini katika muda wa sekunde arobaini hivi. Akiwa na uzi huo na saa, mwanafunzi anaweza kukadiria nguvu ya mvutano wa ardhi. Haba na haba hujaza kibaba. Atakayesema hatuwezi kufundisha kwa vitendo kwa kuwa hatuna mamilioni, na aanze na haya kwanza.

Kivuli na Qibla

Katika muhtasari huo huo, mada ya elimu ya nyota na sayari iliwekwa mwishoni mwa Kidato cha Nne. Shule iliyochelewa kumaliza muhtasari haikuifikia, au iliisoma harakaharaka mitihani ikibisha hodi. Hivyo kijana wa Kiislamu alimaliza sekondari bila kujua sababu ya mwezi kuandama, huku umma wake ukigombana kila mwaka juu ya mwandamo.

Hakuna anayemzuia mwalimu kuonja mada hiyo mapema. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya Al-Kaaba: karibu na tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na karibu na tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa za Makka ni sawa na zetu. Mwezi Mei hapa Songea mvua zimekwisha na anga huwa safi mara nyingi. Mwalimu na awatoe wanafunzi uwanjani, wasimamishe fimbo ya mita moja iliyonyooka kwa timazi, na wakati huo ukifika waweke alama kwenye ncha ya kivuli. Mstari unaotoka kwenye ncha hiyo kwenda kwenye shina la fimbo unaelekea Qibla. Kivuli kitakuwa na urefu wa sentimeta 63 hivi, na mstari utakuwa kaskazini, ukiinamia mashariki kwa nyuzi zipatazo 7.

Kisha waulize: kwa nini sentimeta 63 na si 50? Kwa nini dira ya sumaku inatofautiana kidogo na mstari wetu? Nukta ya juu ya jua pale Makka, na pembe ya kivuli hapa Songea, zinatuambia nini juu ya ukubwa wa dunia? Wakishapima pembe hiyo wataona ni nyuzi 32 na kidogo, na kila uzi mmoja ni kilomita 111 hivi juu ya uso wa dunia. Basi wamepima umbali wa kwenda Makka, kilomita zipatazo 3,600, kwa fimbo na kamba. Mwanafunzi aliyefanya hivyo akiwa Kidato cha Kwanza hataambiwa na mtu kwamba fizikia si somo lake.

Fizikia ya Ruvuma

Mpango mzuri wa somo huchukua mifano yake mahali mwanafunzi anapoishi, na Allah ameujaalia mkoa wetu mifano tele.

Kwa miaka mingi mji wa Songea ulitegemea umeme wa jenereta za mafuta. Mwaka 2018 tuliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya Makambako hadi Songea, kilomita zipatazo 250, yenye msongo wa volti 220,000. Mwanafunzi aulizwe: kwa nini volti 220,000 ilhali nyumbani tunatumia 230? Jibu limo katika mada ya umeme. Joto linalopotea kwenye nyaya hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Ukiongeza volteji mara kumi, nguvu ile ile husafirishwa kwa mkondo uliopungua mara kumi, na upotevu hupungua mara mia. Waya anaoupita kila siku ndio ukurasa wa kitabu chake.

Kabla ya gridi hiyo kufika, mwaka 2015, kituo cha Tulila katika mto Ruvuma kilianza kuzalisha umeme, kikiwa na uwezo wa megawati 5. Mwenye kituo hicho ni shirika la masista Wabenediktini wa Chipole. Tulitafakari hilo, ndugu zangu, bila husuda. Watawa wa kike, katika mkoa huu huu, walisimamia maporomoko ya maji, mitambo na mkataba wa kuuza umeme. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na toka hapo wamekuwa wakifundisha ufundi pamoja na dini yao. Sisi tumekuwapo hapa muda mrefu vile vile. Je, tuna taa gani iliyowashwa na mpango wetu?

Tazama pia Namtumbo. Huko kwenye mto Mkuju kuna madini ya urani. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous ubadilishwe kwa ajili ya mradi huo, na leseni ya uchimbaji ikatolewa mwaka 2013. Wakazi wa wilaya hiyo wanasikia mengi: wengine wanaahidiwa utajiri, wengine wanatishwa na maradhi. Nani atawaeleza, kwa Kiswahili chepesi, mnururisho ni nini, ni upi unaozuiwa na karatasi na ni upi unaopenya ukuta, na maji ya kisima hupimwaje? Mada ya urani na mnururisho ilikuwa ya Kidato cha Nne. Tukiwaachisha vijana wetu fizikia Kidato cha Pili, siku hiyo tutakaa kwenye mikutano tukiwasikiliza wageni, na hatutakuwa na hata mmoja wa kuuliza swali la maana.

Mpango uitambue kalenda yetu

Shule zetu zina mzigo ambao nyingine hazina. Pamoja na masomo ya kawaida tuna Elimu ya Dini ya Kiislamu na Kiarabu, na mchana wa Ijumaa ni wa sala. Ramadhani nayo inasogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladi, kwa kuwa miezi ya mwandamo hutimiza siku 354 hivi na si 365. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, katikati ya muhula. Azimio la kazi lililonakiliwa kutoka shule nyingine halijui lolote kuhusu hayo. Mwalimu akifika Machi anakuta amechelewa, na kinachokatwa kwanza huwa ni kipindi cha vitendo.

Dawa yake ni nyepesi. Kila mwaka mkuu wa shule na walimu wa sayansi wakae mwezi Desemba na kalenda mbili mezani, ya miladi na ya hijria. Majaribio yanayochosha yafanywe kabla ya Ramadhani, na ndani ya Ramadhani yawekwe mazoezi ya hesabu na marudio ya asubuhi. Fizikia isiwekwe kipindi cha mwisho Ijumaa. Vipindi viwili vifuatane angalau mara moja kwa wiki, kwani dakika 40 hazitoshi kutandaza vifaa, kupima, kuandika na kuvirudisha. Na kila neno jipya la Kiingereza lipewe mwenzake wa Kiswahili siku ile ile: kani, tungamo, mchapuko, mkondo. Mwenye kuielewa dhana kwa lugha yake hatashindwa kuijibu kwa lugha ya mtihani.

Majibu kwa wenye shaka

Wa kwanza husema: shule ya Kiislamu kazi yake ni dini, hayo mengine ni ya dunia. Tunamwuliza kwa heshima: akiugua mama yako, unapenda atibiwe na nani? Maulamaa wameeleza kuwa elimu ambazo jamii haiwezi kuishi bila hizo ni faradhi ya kutosheleza. Wakiwapo wa kutosha walioibeba, wengine wamesalimika. Wakikosekana, dhambi ni yetu sote. Basi tuhesabu: tunao waalimu wangapi wa fizikia katika mkoa huu waliotoka katika madrasa zetu?

Wa pili husema: sisi ndio tuliowafundisha Wazungu sayansi, na humtaja Ibn al-Haytham wa Basra. Ni kweli kwamba mwanachuoni huyo, aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, aliandika juu ya nuru kitabu kilichosomwa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini hakupata elimu hiyo kwa kujisifia babu zake. Aliipata kwa kujifungia kwenye chumba cha giza chenye tundu dogo na kutazama nuru inavyopita. Al-Khazini naye aliandika kitabu kizima juu ya mizani mwaka 1121. Kumtaja Ibn al-Haytham kwenye semina, ilhali maabara ya shule yetu haina lenzi hata moja, ni kujidanganya. Vivyo hivyo tuache tabia ya kuwapa vijana orodha za miujiza ya kisayansi badala ya kuwafundisha sayansi. Qur'ani haihitaji kutetewa na mtu asiyejua kusoma amita.

Wa tatu husema: fizikia ni ya wavulana. Huyu hana dalili ya dini wala ya akili. Tunataka wake zetu wahudumiwe na madaktari wa kike, kisha tunawaambia mabinti waache somo linaloelekea huko. Maabara inaweza kupangwa kwa stara, meza zao zikawa upande wao, hijabu ikafungwa vizuri mbali na moto. Hayo ni mambo ya utaratibu tu.

Wa nne husema: fedha hatuna. Lakini tulipotaka zulia jipya la msikiti, fedha zilipatikana. Hatusemi msikiti usitandikwe. Tunasema kwamba seti ya betri, balbu, nyaya, amita na voltimita, inayotumiwa na watoto wa Waislamu miaka kumi, ni sadaka inayoendelea kama lilivyo zulia. Mwenye ng'ombe, mwenye duka Majengo, mwenye shamba la mahindi, anaweza kuweka wakfu meza moja ya maabara kwa jina la mzazi wake aliyetangulia mbele ya haki.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, shule yoyote ya Kiislamu mkoani mwetu isimshauri mwanafunzi aache fizikia kabla bodi haijajiridhisha kwamba alifundishwa na mwalimu anayelijua somo, na kwamba aliyafanya majaribio kwa mikono yake. Pili, kila bodi ilitake azimio la kazi la fizikia la mwaka mzima, lilinganishwe na daftari za wanafunzi kila muhula, na mzazi aruhusiwe kuuliza. Tatu, kila msikiti utenge mchango wa Ijumaa moja katika mwaka kwa vifaa vya maabara, na hesabu zake zisomwe hadharani.

Na tarehe 28 Mei ikifika, panapo uhai, imamu na mwalimu wa fizikia watoke pamoja na vijana uwanjani, wasimamishe fimbo, wasubiri saa 6 na dakika 18. Mkitoka hapo ingieni msikitini mkaitazame mihrabu yenu. Ikiwa imenyooka, mshukuruni Allah. Ikiwa imepinda, basi mtakuwa mmejua gharama ya kuiacha fizikia.

Allah atuwafikishe katika yale anayoyapenda na kuyaridhia. Wabillahi tawfiq.